Gari Ikiziba Moshi: Tafuta Masizi Yanakotoka

Ndugu Wanachama,

Wengi wenu mmetuuliza, wengine kwa barua na wengine barazani, kwa nini lori ya Chama ilisimama siku 11 katikati ya msimu uliopita, na kwa nini fedha za matengenezo zilitoka mara mbili kwa ugonjwa mmoja. Ni haki yenu kuuliza, na ni wajibu wetu kujibu. Zaidi ya hayo, katika mkutano mkuu unaokuja kuna shauri lililoletwa na baadhi ya wanachama kwamba vyombo vya kusafishia moshi katika lori hiyo vikatwe na kutupwa. Si vyema mtu kupiga kura juu ya kitu asichokijua. Kwa hivyo tumeona somo la toleo hili liwe juu ya vyombo hivyo: ni nini, vinaziba kwa sababu gani, na ifanywe nini vikiziba.

Somo hili si la lori ya Chama peke yake. Gari nyingi zilizomo kisiwani kwetu, za abiria, za mizigo na za watu binafsi, zimeletwa kutoka Japani baada ya kutumika huko, na vyombo hivi zimekuja navyo. Mwenye gari atafaidika, na asiye nayo atajua la kumwuliza mwenye gari siku atakapoikodi.

YALIYOTUPATA

Lori yetu ni ya dizeli, ya kuchukua tani 2. Mwanzoni mwa msimu dereva alikuja ofisini akasema, "Bwana Katibu, kuna taa ya manjano imewaka mbele yangu, na gari ikipanda mlima haivuti kama zamani." Sisi tulikuwa tunahesabu magunia. Tukamwambia aendelee, tutaitazama karafuu zikisha. Alikuja tena juma la pili, na la tatu, na jawabu letu lilikuwa hilo hilo.

Katika juma la nne, jioni moja ya mvua, lori ilipakia karafuu mbichi za wanachama 5 upande wa Mtambile. Ilipofika katikati ya mlima ikaishiwa nguvu kabisa. Dereva akikanyaga mafuta, injini inanguruma lakini haina mwendo, na nyuma moshi mweusi. Haikuvutwa mpaka kesho yake, na karafuu zikalala ndani ya magunia siku 2. Nyote mnajua karafuu mbichi zikibanwa hivyo: hupata joto, huvunda, na hata zikianikwa juani hutoka zimepauka na kusinyaa. Mwenye mzigo mkubwa alikuwa mama mmoja mtu mzima. Tulipokwenda kumtaka radhi na kumweleza khabari za taa na za mlima, alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, mimi gari siijui. Karafuu nilikupa wewe." Chama kilimlipa khasara yake, lakini neno lile hatujalisahau.

Fundi wa kwanza alifungua vyombo vya moshi, akavisafisha, na lori ikapanda mlima kama mpya. Siku ya 9 ikarudi vile vile. Fundi wa pili akasema dawa ni kuvikata vyombo hivyo tupumzike navyo, nasi tulikuwa karibu kumkubalia. Fundi wa tatu, mzee mtaratibu, hakushika spana kwanza. Aliuliza swali moja: "Masizi haya yanatoka wapi?" Akataka injini iwashwe, akaipapasa mipira ya hewa kwa mkono, akaukuta mpira unaotoka kwenye tabo kwenda injini umepasuka upande wa chini, mahali pasipoonekana. Kisha akazipima nozeli, akaona moja inadondosha mafuta badala ya kuyanyunyiza. Basi hewa ilikuwa pungufu na mafuta yamezidi, masizi yakawa mengi, na vyombo vya moshi vikajaa. Mpira ule na nozeli ile vilipobadilishwa, na vyombo kusafishwa mara ya pili, ugonjwa ulikwisha na mpaka leo haujarudi.

Kisa hiki ndicho mzizi wa somo letu. Chombo cha moshi kikiziba, kukisafisha ni nusu ya kazi. Nusu ya pili, na ndiyo kubwa, ni kujua uchafu umetoka wapi.

VYOMBO VYENYEWE

Zamani gari zilitoa moshi wake wote nje bila ya kizuizi. Katika miaka ya 1950 mji wa Los Angeles, Marekani, ulikuwa ukifunikwa na ukungu unaowasha macho. Mtaalamu mmoja wa kemia, Arie Haagen-Smit, ndiye aliyeonyesha kwamba ukungu ule unatokana na moshi wa gari na wa viwanda vya mafuta unapopigwa na jua. Toka hapo zikaanza kutungwa sheria, na watengenezaji wa gari wakalazimika kuweka vyombo vya kupunguza sumu ya moshi. Japani nayo ilikuwa na sheria zake. Mathalan, mwezi wa Oktoba 2003 Tokyo na mikoa ya jirani ilipiga marufuku gari za dizeli zisizotimiza kipimo cha masizi. Ndiyo sababu lori nyingi tunazonunua kutoka huko zina vyombo hivi. Vilivyo vikubwa ni vinne.

Cha kwanza ni pumzi ya injini. Pistoni zinapofanya kazi, gesi kidogo hupenya kando yake na kushuka kwenye oili. Gesi hiyo isipopata njia, huharibu oili na kusukuma sili nje. Zamani ilitolewa hewani kwa bomba dogo. Gari mpya za California zilianza mwaka 1961 kuwekewa valvu ndogo, inayoitwa kwa herufi PCV, ya kuirudisha gesi hiyo ndani ya injini iungue tena. Gari za dizeli nazo zina njia yao ya pumzi.

Cha pili ni valvu ya EGR. Hii huchukua sehemu ya moshi uliokwisha ungua na kuuchanganya na hewa mpya inayoingia. Moshi huo hauungui tena, kwa hivyo moto ndani ya silinda hupungua ukali, na zile gesi za naitrojeni zinazotokana na joto kali hupungua pia.

Cha tatu ni masega. Ni kopo la chuma katika bomba la moshi, na ndani yake mna udongo mgumu uliotobolewa vitundu vingi vyembamba kama masega ya nyuki. Vitundu hivyo vimepakwa madini ya thamani: platinamu, paladiamu na rodiamu. Moshi ukipita humo ukiwa na joto la kutosha, sumu hugeuka kuwa mvuke wa maji, hewa ya kaboni na naitrojeni ya kawaida. Huko Marekani gari nyingi zilianza kuwa na masega mwaka 1975.

Cha nne ni chujio la masizi, DPF, nalo ni la gari za dizeli. Hili nalo lina vitundu, lakini kila kitundu kimezibwa upande mmoja, hata moshi hauna budi kupenya ukutani. Moshi hupita na masizi hubaki. Chujio zima huzuia zaidi ya sehemu 90 katika 100 za masizi. Likijaa kiasi, kompyuta ya gari huongeza mafuta kidogo ili joto lifike kama digrii 600, na masizi yakaungua yakawa gesi. Kazi hiyo tutaiita kujichoma.

KWA NINI VINAZIBA

Tukianza na pumzi na EGR: mvuke wa oili unatoka kwenye pumzi, na masizi makavu yanatoka kwenye EGR. Viwili hivi hukutana katika njia ya kuingizia hewa, vikafanya kitu cheusi mfano wa lami. Kikizidi, valvu hukwama na njia ya hewa ikawa nyembamba. Tulipoifungua njia ya hewa ya lori yetu, tundu ambalo kidole gumba kingepita lilikuwa halipitishi hata kalamu.

Masega huziba kwa sababu nyingine. Plagi moja isipowaka, petroli ya silinda hiyo hutoka mbichi na kuungulia ndani ya masega, joto likapanda hata udongo ukayeyuka na kuziba. Injini inayokula oili nayo hupaka vitundu uchafu usioungua. Adui wa zamani alikuwa risasi iliyotiwa katika petroli, maana huyaua madini ya masega. Nchi za Afrika kusini ya Sahara zilikuwa zimeiacha petroli hiyo mwaka 2006, na nchi ya mwisho duniani, Algeria, iliacha mwaka 2021.

Chujio la masizi huziba khasa kwa safari fupi, na hapa ndipo desturi yetu inapotuumiza. Wakati wa msimu lori hutoka shamba kwenda uwanja wa kuanikia, mwendo wa dakika 10, kisha husimama injini inanguruma huku magunia yanapakiwa. Joto la bomba halifiki kiasi cha kuchoma masizi. Lori ile ile kule Japani ilikuwa ikienda masafa marefu katika barabara kuu, na chujio likijichoma bila mtu kujua.

Kisha kuna mafuta na oili. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilianza mwaka 2015 kutumia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 katika milioni. Hayo ni maendeleo makubwa, illa Japani wao wana sehemu 10. Dizeli ya madumu iliyochanganywa na mafuta ya taa au maji huungua vibaya zaidi. Ama oili, gari yenye chujio inataka oili yenye jivu dogo. Kwa gari za Kijapani, debe liwe limeandikwa DL-1 kwa gari ndogo au DH-2 kwa lori, kama kitabu cha gari kinavyosema. Masizi huungua yakesha, lakini jivu la oili haliungui, hubaki chujioni mpaka litolewe kwa mkono.

DALILI ZAKE

EGR ikikwama wazi, gari hutetemeka ikisimama, hukosa nguvu, na ya dizeli hutoa moshi mweusi. Ikikwama imefungwa, gari huweza kwenda vizuri, bali joto la moto huzidi na injini ya petroli huweza kugonga.

Masega yakiziba, gari huondoka vizuri ikiwa baridi, kisha huchoka. Ukikanyaga, haiongezi mwendo. Kopo hupata joto kupita kiasi, na pengine hutoa harufu ya mayai mabovu. Ukiligonga kwa nyundo ya mpira likiwa baridi na likalia kama kibuyu chenye kokoto, udongo wa ndani umevunjika.

Chujio likijaa, taa ya manjano huwaka. Ikipuuzwa, kompyuta hupunguza nguvu ya injini kwa makusudi ili kuilinda. Dalili nyingine ambayo wengi hawaijui ni kiasi cha oili kupanda. Mafuta yanayoongezwa kwa ajili ya kujichoma, safari ikikatizwa kila mara, hupenya na kuingia katika oili. Basi ukichomoa kijiti cha kupimia oili ukaona imepita alama ya juu, nawe hukuongeza, usifurahi. Ile ni dizeli, na oili iliyochanganyika na dizeli huua vyuma vya injini.

CHUNGUZA KABLA YA KUFUNGUA

Mpangilio huu tuliupata kwa yule fundi mzee, nasi tunauona ni mwema.

1. Isomeshe kompyuta ya gari kwa mashine. Usikubali fundi afute makosa kabla ya kukuandikia namba zake katika karatasi.

2. Tazama chujio la hewa na mipira yote ya hewa, na upande wa chini pia. Hii haigharimu kitu.

3. Kwa petroli, tazama plagi na koili. Valvu ya PCV ichomolewe na kutikiswa: za aina ya kawaida hulia zikiwa nzima. Injini ikiwa inanguruma polepole, kidole kikiwekwa mdomoni mwake kivutwe. Kisipovutwa, imeziba.

4. Kwa dizeli, nozeli zipimwe, na tabo itazamwe kama inavuja oili.

5. Ndipo upime kuziba kwenyewe. Kwa petroli, geji ya mvuto ikifungwa kwenye njia ya hewa, injini nzima ikinguruma polepole husoma kama inchi 17 hadi 21. Ongeza mpaka mizunguko 2,500 kwa dakika na uishike hapo. Sindano ikizidi kushuka polepole, moshi haupati njia. Au sensa ya oksijeni iliyo mbele ya masega ifunguliwe, na geji ya shindo ifungwe katika tundu lake. Kwa mizunguko hiyo 2,500, ikizidi ratili 3 kwa inchi mraba, bomba limeziba.

Fundi asiyefanya lolote katika haya, bali mara moja akasema "badilisha" au "kata", huyo anabahatisha kwa fedha zako.

KUSAFISHA

EGR husafishika. Injini ipoe, waya wa betri ufunguliwe, valvu itolewe. Tumia dawa ya kusafishia kabureta na brashi, au kijiti cha mti kwa palipoganda. Bisibisi hukwaruza kikalio, nayo valvu ikawa haifungi tena. Sehemu yenye umeme isizamishwe katika dawa. Uchafu uliokwanguliwa usiachwe uanguke katika njia ya injini, maana punje gumu likiingia katika silinda hufanya kazi ya mchanga. Gasketi iwe mpya. Baadhi ya gari hutaka kompyuta ifundishwe tena mahali pa valvu baada ya kazi.

Masega yaliyoyeyuka hayasafishiki. Yakiwa yamefika hapo, ni kubadilisha, na si kabla ya kuondoa sababu, ama sivyo mapya nayo yataungua.

Chujio la masizi kwanza lipewe nafasi ya kujichoma lenyewe. Baadhi ya lori zina kitufe maalumu: dereva husimamisha gari, hukibonyeza, na injini huongeza mwendo yenyewe kwa dakika 15 hadi 20 au zaidi. Isizimwe kabla haijamaliza. Ikishindikana, fundi mwenye mashine huweza kuilazimisha. Likiwa limejaa jivu, hutolewa likiwa baridi kabisa na kupulizwa, au kuoshwa kwa maji ya shindo dogo kutoka upande wa kutokea moshi kuelekea upande wa kuingilia, kisha hukaushwa vizuri kabla ya kurudishwa. Maji ya shindo kali huvunja kuta zake. Maji yatokayo ni meusi na yana madini, basi yasimwagwe karibu na kisima wala bonde la mpunga.

KHATARI

Kujichoma kwa chujio ni moto wa kweli chini ya gari. Gari isisimamishwe juu ya majani makavu, makumbi, majamvi wala makonyo wakati taa ya kujichoma inawaka. Karafuu ina mafuta, na sote tunajua jinsi makonyo yanavyoshika moto. Pawe mahali pa udongo mtupu au saruji.

Injini isiachwe inanguruma ndani ya ghala au banda lililofungwa. Ile gesi ya kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na huua mtu kama anayelala usingizi. Dawa ya kusafishia huwaka upesi, kwa hivyo sigara iwe mbali. Anayekwangua masizi afunike pua na mdomo na avae glavu.

JE, TUVIKATE?

Tunayajua maneno ya wanaotaka vikatwe, na si maneno ya kipuuzi. Wanasema chujio jipya ni ghali, halipatikani kisiwani, na lori ikisimama katika msimu karafuu huharibika. Hayo ni kweli, na sisi ndio tuliokwenda kumtaka radhi yule mama.

Lakini yatazameni na haya. Kwanza, kama vingekatwa siku ile, mpira ungebaki umepasuka na nozeli ingebaki inadondosha. Lori ingepanda mlima, ndiyo, huku mafuta yanapotea na pistoni inaungua kidogo kidogo, wala pasingekuwa na taa ya kutuonya. Pili, kompyuta haijui kwamba chujio halipo. Isipobadilishwa kwa utaalamu, huendelea kumwaga mafuta ya kuchoma masizi yasiyokuwapo, na oili ikazidi kuharibika.

Tatu, mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliuweka moshi wa dizeli katika orodha ya vitu vinavyojulikana kwamba huleta saratani. Lori yetu husimama wapi? Husimama uwanjani, wanawake na watoto wamekaa chini wanachambua karafuu, bomba likiwa usawa wa nyuso zao. Na karafuu zenyewe zimeanikwa hapo hapo, mali ambayo thamani yake yote ni harufu yake.

Nne, madini yaliyomo ndani ya masega yana soko nchi za nje. Fundi akijitolea kukukatia bure, muulize kile kilichokatwa kitabaki na nani.

Kwa hivyo rai yetu sisi wa ofisini ni kwamba visikatwe, na badala yake Chama kiyafuate haya yafuatayo. Uamuzi ni wa mkutano.

DESTURI TUNAZOZIPENDEKEZA

1. Taa ikiwaka, dereva aandike siku hiyo hiyo katika daftari, na Katibu atie saini kwamba ameona. Kosa la msimu uliopita lilikuwa letu, si la dereva, na daftari litamlinda yeye na kutubana sisi.

2. Mara moja kila juma, lori yenye mzigo wa kiasi iendeshwe kutoka Chake Chake hadi Mkoani kwa mwendo wa sawasawa bila ya kuzimwa, ili bomba lipate joto. Safari hiyo ipangwe siku ya kupeleka mzigo, isiwe gharama mpya.

3. Injini izimwe wakati wa kupakia.

4. Oili ipimwe kila asubuhi kabla ya kuwasha. Ikipungua au ikizidi, iandikwe.

5. Mafuta yanunuliwe kituoni, na risiti iwekwe. Dizeli ya madumu iwe marufuku.

6. Kabla ya msimu kuanza, si baada yake, gari ichunguzwe kwa mpangilio tulioueleza, na EGR isafishwe ikihitajika.

Gharama ya mpira uliopasuka na nozeli ile moja ilikuwa chini ya nusu ya khasara ya karafuu zilizovunda, bila ya kuhesabu malipo ya fundi wa kwanza. Wahenga walikwisha sema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wetu ulikuwa taa ndogo ya manjano, na tuliambiwa mara tatu.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Ni vitu gani viwili vinavyokutana na kufanya uchafu mfano wa lami katika njia ya hewa, na kila kimoja kinatoka wapi?

2. Kwa nini lori iliyokwenda vizuri miaka mingi Japani huziba chujio lake kisiwani kwetu?

3. Oili imepanda kupita alama nawe hukuongeza. Imetokea nini?

4. Fundi amesafisha EGR na ugonjwa umerudi baada ya juma moja. Utamwuliza swali gani?

5. Taa ya kujichoma inawaka na mbele yako pana jamvi la karafuu kavu. Utaisimamisha gari wapi?

Wanachama wenye majibu, au wenye ujuzi wa kazi hii unaopita wetu, walete ofisini kabla ya siku ya mkutano. Daftari la dereva limekwisha nunuliwa na liko mezani, kila mwanachama ana ruhusa ya kulifungua na kulisoma.

Katibu wa Chama